Mshenga wa Kwenye Kioo

Kwa jinsi anavyosimulia jirani yake Bridget, Mzee Zefania alitolewa nyumbani kwake amekwisha kufa. Alimwona kwa macho yake mawili, anaapa, akiwa dirishani pake, Jumamosi ile ya theluji: wanaume wawili waliovaa kama watu waendao mwezini walikuwa wakimshusha ngazi, amefunikwa shuka gubigubi, na moshi unamtoka. Moshi? Ndiyo, moshi, haki ya Mungu, unafuka kwenye shuka kama sufuria ya githeri iliyofunuliwa sasa hivi. Na nyuma yake Mama Vumi, kilemba upande, mkononi ameshika tawi la majani kama mganga. "Walai, hiyo ni korona na ingine juu yake haijapewa jina," Bridget aliwaambia wenzake kule Rockville anakotunza wazee. Kabla jua halijatua, kundi la WhatsApp la ushirika wa kanisani lilikuwa limejaa vile vikono vya maombi, na mtu mmoja alikwisha uliza matanga yatakuwa kwa nani.

Bridget si mwongo, tuseme kweli. Ni mtu wa kuona nusu, ile nusu nyingine akaiunga mwenyewe kwa viungo vyake. Moshi ulikuwepo, ila ulikuwa mvuke. Majani yalikuwepo, ila hayakuwa ya uganga. Yalikuwa matawi ya mkaratusi yaliyonunuliwa dukani, upande wa maua, pale watu wanapochagua waridi za kupelekeana. Mama Vumi, ambaye jina lake la ubatizo ni Euphrasia, alikuwa amempigisha mumewe nyungu. Sufuria kubwa, maji yanatokota, ndani maganda ya limau, tangawizi na huo mkaratusi wa maua. Juu yake Mzee Zefania kainamishwa kichwa, kafunikwa shuka na blanketi, anahema. Ndivyo walivyofanya watu wa nyumbani Tanzania ugonjwa ulipoingia, na ndivyo alivyofanya yeye hapa ughaibuni, Takoma Park, ghorofa ya juu, dirisha likitazama njia ya treni.

Mzee alihema, akahema, halafu akanyamaza. Euphrasia alipofunua blanketi alikuta midomo imekuwa rangi ya jivu. Akampigia binti yao Vumilia, aliyekuwa kazini kwenye jiko la chuo kule Fairfax, naye Vumilia akaita ambulensi kisha akatoka mbio na aproni yake kuja kumchukua mama yake. Watu wa ambulensi hawakungoja mvuke upoe. Walimchukua mzee pamoja na shuka lake. Hilo tawi, Euphrasia alikuja kugundua kwamba bado amelishika alipokuwa kwenye gari la Vumilia, wamekaribia hospitali.

Mlangoni waliambiwa aingie mtu mmoja tu. Vumilia alikwisha fungua mlango wa gari.

"Mama, ngoja niingie mimi. Wewe utaongea nao nini?"

"Wewe unajua lugha yao," Euphrasia alisema huku akifunga barakoa, "mimi najua ya kwake."

Na ilikuwa kweli. Ujanani, Bukoba, wawili hawa walifanya kazi kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, mashine zinanguruma kutwa mpaka mtu hasikii hata kupiga chafya kwake mwenyewe. Wafanyakazi wa pale walikuwa na maneno yao ya mikono: kugonga kiganja, kubana kidole, kuvuta sikio. Ndipo walipochumbiana, bila kusema neno. Baadaye Euphrasia alitoka na masikio yake yote, Zefania ya kwake akayaacha kiwandani. Tangu hapo husikia kwa macho na kwa kiganja. Midomo ya watu huisoma vizuri tu, lakini tangu zije barakoa kila mtu kwake amekuwa ukuta.

Kwa hiyo Euphrasia alimkuta amelala kwenye chumba cha kioo, mpira wa hewa puani, macho yanahangaika kwa kila aliyeingia. Akamshika kiganja, akagonga mara mbili: nipo. Macho yakatulia.

Daktari alikuwa binti mwembamba, sauti ndogo, viatu vimetapakaa chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani. Alisukuma mbele tableti iliyofungwa kwenye mti wenye magurudumu, na kwenye kile kioo akatokea kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Huyo ndiye mkalimani.

"Shikamoo mama."

Moyo wa Euphrasia ulishuka mahali pake. Kiswahili cha pwani, kimenyooka kama uzi. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Kijana akageuza kwa Kiingereza. Daktari akakunja uso kidogo, kisha akasema kitu.

"Daktari asema kwao wote wazima, na akushukuru kwa kuuliza."

"Lakini nilikuuliza wewe."

Kijana akageuza na hilo. Daktari akacheka ndani ya barakoa, mabega yakamcheza. Euphrasia akaona hapo, ingawa hakulitia maanani, kwamba huyu kijana hana chujio. Kila kinachoingia kinatoka.

Halafu yakaanza maswali. Homa tangu lini? Tangu katikati ya wiki. Anakohoa makohozi? Anakohoa, ya rangi ya kutu. Amekutana na mtu yeyote mwenye korona? Hajakutana na mtu. Anakutana na mimi na televisheni.

"Daktari auliza, kuna dawa yoyote aliyomeza kabla ya kuja?"

"Hapana," alisema Euphrasia.

Akalisema upesi, kama mtu anayefunga mlango kuku asitoke. Maana zilikuwepo. Ndani ya kopo la kahawa alilotumiwa na dada yake kutoka Bukoba, chini kabisa, mlikuwa na kikaratasi kilichosokotwa chenye vidonge vidogo vyeupe. Dexa, ndivyo viitwavyo kule. Dada yake alisema vinafungua kifua na kurudisha hamu ya chakula, na Zefania alikuwa amegoma kula. Akampa asubuhi na jioni, kwa uji.

Kwao, ukimwambia daktari umekwisha jitibu, utagombwa mbele ya foleni nzima mpaka ujute kuzaliwa na mdomo. Mtu mzima hujua kunyamaza. Tena huyu kijana wa kwenye kioo ni mtu wa nyumbani. Atakalolisikia ana masikio ya kulielewa na pengine mdomo wa kulipeleka. Euphrasia alimfikiria Bridget, akauma ulimi.

Waliingia wa kuchukua vipimo. Mmoja alimtia mzee kijiti puani mpaka mzee akatoa tusi la Kihaya ambalo kijana wa kwenye kioo, nashukuru Mungu, hakulijua. Mwingine akachukua damu. Kisha ikaja mashine ya eksirei kwa magurudumu. Kisha wakasubiri, na Euphrasia akatazama theluji dirishani, akagonga kiganja cha mumewe: njaa? Naye akavuta sikio: hapana, nyamaza upumzike.

Daktari aliporudi alivuta kigoda, akakaa sawasawa na macho ya Euphrasia. Hilo lilimtisha. Madaktari wenye habari njema husema wamesimama.

Kijana akaanza kufikisha. Kipimo cha pua cha haraka kimesema hapana, si korona. Lakini hicho hudanganya mara nyingine, hawezi kukitegemea peke yake. Kipimo kikubwa kimepelekwa maabara, na kwa theluji hii hakitarudi mpaka kesho kutwa. Nimonia anayo, hiyo imeonekana. Swali ni nimonia gani. Na leo hii inabidi waamue alale wapi. Wenye korona hupandishwa ghorofa ya juu, na huko haingii ndugu. Wasio nayo hulala ghorofa ya pili, na mtu mmoja huruhusiwa kukaa naye.

"Haingii ndugu kabisa?" Euphrasia aliuliza.

"Kabisa, mama."

Alimtazama mumewe. Huko juu watakuwa kuta tupu zenye macho, zinakuja, zinasema, zinaondoka. Nani atamgonga kiganja? Akiumwa atamwambia nani, na akiambiwa ageuke atajuaje? Kuria wa kwenye ushirika alipandishwa ghorofa kama hiyo hospitali nyingine. Alirudi, Mungu ni mwema, lakini yule alikuwa na masikio na Kiingereza cha kubishana.

"Sasa mtaamua kwa nini, kama kipimo hakijarudi?"

"Kwa damu," kijana alisema baada ya daktari. "Asema si damu ya ajabu, ni ile damu ya kawaida wampimayo kila mgonjwa. Ndani ya damu mna chembe nyeupe za namna namna, hizo ndizo askari wa mwili. Nimonia ya bakteria ikija, wale askari wa kupigana na bakteria hufurika. Korona ikija, mara nyingi hawafuriki, na kuna aina nyingine mbili za askari hupungua, moja hata hupotea kabisa. Damu haikati kauli, asema, lakini huelekeza."

"Na ya mzee inaelekeza wapi?"

Daktari alifungua mikono, mmoja huku, mmoja huku.

"Hapo ndipo penye utata, mama. Askari wa bakteria wamefurika kwelikweli. Lakini wale wengine nao wamepungua mno, na ile aina ya pili hata mmoja haonekani. Damu yake yasema mambo mawili kwa mara moja. Na kwa kuwa hana uhakika, naye ana wagonjwa wengine wa kuwalinda, afikiri ni salama zaidi ampandishe juu mpaka kipimo kirudi."

Euphrasia aligeukia kitanda. Aliisikia ile mashine ya hewa inapiga chafya zake ndogondogo. Damu yasema mambo mawili. Mtu mmoja akisema mambo mawili, kwao husemwa kuna aliyemtia maneno mdomoni. Na vidonge vile, je? Yeye hakujua vidonge hufanya nini kwenye damu. Hakuwa daktari. Alijua tu kwamba hilo moja hakulisema, na kwamba asipolisema sasa hakutakuwa na sasa nyingine.

Lakini alisemeje? Jambo zito halitupwi mezani kama mfupa. Hupelekwa kwa mtu wa katikati. Posa ina mshenga, ugomvi una mshenga, na hata samaki wakiuzwa vibaya kuna wa kukuendea kwa muuzaji. Na mtu wa katikati si alikuwa pale, kijana wa watu, kwenye kioo? Euphrasia akajisogeza karibu na tableti, akageuza bega ili daktari asione mdomo wake uliokwisha fichwa na barakoa, akashusha sauti.

"Mwanangu, wewe unakaa wapi?"

"Niko Arizona, mama. Huku hata mvua hatuijui."

Arizona. Akapitisha haraka kichwani kama Bridget ana ndugu Arizona. Bridget ana binamu kila jimbo, lakini hilo hakuwahi kulitaja.

"Unasali wapi?"

"Mimi ni Muislamu, mama."

Hata bora zaidi. "Basi sikia. Nina jambo nataka nikueleze wewe kwanza, tulipime mimi na wewe. Huyu binti usimwambie bado. Ukiona linafaa, ndipo utamfikishia kwa maneno mazuri."

Kijana alitikisa kichwa. Halafu akasema, kwa upole kama mtu anayemvusha bibi barabara, "Mama yangu, mimi hapa ni bomba tu. Kila usemalo sharti nilifikishe, ndiyo kazi na ndiyo kiapo. Nje ya chumba hiki sitoki na neno, lakini humu ndani silifichi." Akageukia Kiingereza, na Euphrasia akasikia jina la Arizona linapita, na Muislamu linapita, na macho ya daktari yanainuka kutoka kwenye karatasi, yanakuwa makubwa.

"Ewe mtoto! Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama. Na hili la 'umemwambia' namwambia sasa."

Basi hapo ikawa imekwisha. Daktari hakucheka safari hii. Aliusogeza mti wa tableti pembeni kidogo ili amwone Euphrasia mwenyewe, akasema maneno machache.

"Asema: bibi yake pia alikuwa hivyo. Asema hatakugomba."

Kigoda kilikuwa karibu sana kiasi kwamba magoti yao yalikaribia kugusana. Euphrasia alimtazama yule binti, macho mekundu kwa kukosa usingizi, unywele mmoja umetoroka kofiani. Akavuta pumzi.

"Nilimpa vidonge. Dexa. Vyeupe vidogo. Tangu katikati ya wiki, asubuhi na jioni, kwa uji."

Kijana alipofikisha, daktari aliacha kuandika. Hakumgomba kweli. Alisimama, akaketi tena, akafunua karatasi za damu, akaanza kuzisoma upya kama mtu aliyesoma barua yote kisha akaambiwa ilikuwa imetoka kwa mtu mwingine. Alipozungumza, alizungumza mbio mpaka kijana akamwomba apunguze.

"Asema hiyo dawa hata hapa huitumia, ila kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Nayo ina tabia: hupunguza zile zile aina mbili za askari zilizompa shaka. Na askari wa bakteria huwaongeza kidogo. Kwa hiyo kule kupungua sasa hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni ushahidi wa korona. Pengine ni vidonge vyako."

"Kwa hiyo nimeharibu."

"Asema umetatiza, hukuharibu. Umelisema kabla hajaamua. Ngoja, asoma yaliyobaki."

Yaliyobaki yalisomwa. Kuna kitu kwenye damu kinachopanda mwili ukiwaka moto, na cha mzee kilikuwa kimepanda juu sana, hata vidonge havikukizuia. Hicho kilimwelekeza kwenye bakteria. Vipimo vya ini, ambavyo korona hupenda kuvivuruga, vilikuwa shwari. Na picha ya kifua ilionyesha pafu moja limeziba chini, pembe moja tu, wakati korona kwa kawaida hutapakaa pande zote. Hakuna lililotosha peke yake, daktari alisema. Yakikaa pamoja, yanavuta upande mmoja.

"Atalala ghorofa ya pili," kijana alifikisha, na sauti yake mwenyewe ilikuwa na furaha ambayo bomba halipaswi kuwa nayo. "Chumba cha peke yake, mlango umefungwa, mpaka kile kipimo kikubwa kirudi. Nawe waweza kukaa naye, ila uvae kanzu ya plastiki. Na ataka umwahidi kwamba vile vidonge vilivyobaki utavitupa."

"Namwahidi," alisema Euphrasia. "Na mwambie Mungu ambariki. Na wewe pia."

"Hilo la 'na wewe' nalifikisha vilevile, mama."

Akamgeukia mumewe, akamgonga kiganja: tunalala pamoja. Mzee Zefania, ambaye hakusikia hata neno moja la yote yaliyopita juu ya damu yake mwenyewe, alifumbua jicho moja, akabana kidole chake. Neno hilo la kiwandani tusilifasiri. Wao ni watu wazima.

Kipimo kikubwa kiliporudi kilisema hapana. Sindano za antibiotiki zilikwisha anza kazi, na mzee alikuwa amerudisha rangi ya uso na ubishi. Alirudi nyumbani theluji ikiwa imebaki madimbwi. Akakaa kwenye kiti chake, koti begani, bakuli la uji mapajani, akamsimulia kila aliyepita, kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia, ya kufika mpaka stesheni. "Damu yangu ilisema mambo mawili! Daktari mzima kachanganyikiwa! Kumbe ni vidonge vya mke wangu!" Euphrasia alimvuta sikio anyamaze, akanyamaza kwa dakika moja. Vumilia alicheka mpaka akakaa chini. Hata Euphrasia, jikoni akikoroga maharage, alijikuta anatabasamu peke yake. Siri aliyoibeba kama yai, mumewe kaipasua kwa kijiko na hakuna aliyekufa.

Bridget alikuja na chapati zimefungwa kwenye taulo. Alisimama mlangoni, barakoa kidevuni, akamtazama mzee kama mtu anayetazama deni limejilipa lenyewe.

"Aki mzee, na vile nilikuwa nimekulilia!"

"Anasema alikulilia," Euphrasia alimgongea kiganjani.

"Mwambie arudishe machozi!" Zefania alinguruma. "Mtu mwenyewe nipo!"

Bridget alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kirefu, cha kuinama, mkono ukishika mwimo wa mlango. Euphrasia, aliyekwisha rudi jikoni kwenye maharage yake, aliacha kukoroga.

"Hiyo nini tena, Bridget?"

"Ah, kifua tu. Imenishika tangu juzi." Alijifuta macho. Kisha akajongea jikoni, akashusha sauti ile ya watu wanaotaka kusaidiana. "Mama Vumi, sikia. Kesho niko na zamu Rockville. Nikikohoa pale mlangoni tu, wananirudisha, wananidunga hiyo kijiti ya pua, nikae nyumbani sijui mpaka lini. Na wale wazee wangu nani atawaosha?" Akatupa jicho kwenye rafu. "Si mzee amesema ulikuwa na tembe fulani za kwenu? Zenye ulimpa na uji?"

Nyuma ya mfuko wa unga, kopo la kahawa lilikuwa mahali pake. Euphrasia alikuwa amemwahidi yule binti, na kila asubuhi alikuwa amekusudia. Lakini kitu alichotuma dada yako, kikapita mikono mingi na bahari, mkono hauwi mwepesi kukitia jalalani. Tena jirani aliyekuletea chapati za moto, kwenu, humwambii hapana.

"Nipatie mbili tu," Bridget alisema. "Mbili, Mama Vumi, za kunifikisha kesho jioni. Si hata mzee amepona nazo?"

Kikohozi kikamrudia. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Euphrasia, kinadondosha mchuzi sakafuni. Kutoka sebuleni, juu ya televisheni na juu ya treni iliyokuwa ikipita, sauti ya Zefania, aliyeiona kwa mbali midomo ya Bridget ikicheza, ilifika jikoni:

"Mama Vumi! Huyo jirani anaomba nini?"